Saini ilikuwapo, sponji nayo ilikuwapo

Kilichonifanya niifungue dari ya ndege ile ni harufu. Mwenye ndege alinipigia simu mwezi wa nne 2024, mvua za Mtwara zikiwa bado hazijaamua kukatika, akaniambia abiria wa viti vya nyuma wanalalamika kwamba ndani mnanuka kama nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Yeye alihisi panya. Mimi nami nilihisi panya, maana ndege inayolala nje haikosi wapangaji: nyigu kwenye mirija, ndege wenye manyoya kwenye injini, na panya popote penye sponji. Nikaenda uwanjani na bisibisi, glavu na mtego. Mtego haukuhitajika.

Ndege yenyewe ni Cessna 210 ya miaka ya 1970. Ina injini moja, viti sita, na magurudumu yanayokunjwa tumboni. Ndege za aina hii zilitengenezwa zaidi ya 9,000 hadi kiwanda kilipoacha mwaka 1986, na nyingi zimechakarika kusini mwa Afrika zikibeba watalii kwenye viwanja vya changarawe. Hii nayo ilitokea huko. Ilifika kwetu ikiwa na saa 9,400 na ushei za kuruka. Mwenyewe ni mzee, rubani mstaafu, anakaa Shangani na ana shughuli zake Kilwa Masoko. Huirusha mwenyewe, labda saa hamsini kwa mwaka. Mimi ni fundi mwenye leseni, na ukaguzi wake wa mwaka nilikuwa nimeshaufanya mara mbili. Hilo la mara mbili litarudi. Jina la mzee, namba ya usajili na karakana nitakayoigusa huko mbele vinabaki kwangu.

Aliyewahi kulala kwenye nyumba za zamani za Mikindani anaijua boriti: mti wa mkoko unaotoka ukuta hadi ukuta na kubeba dari nzima. Cessna 210 ina boriti yake. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na nguzo za mshazari zilizotoka ubavuni kwenda kulishika bawa, kama unazoziona kwenye Cessna 206 au Caravan zinazotua Mafia na Songo Songo. Kuanzia toleo la G, la mwaka 1967, nguzo ziliondolewa ili kupunguza upinzani wa hewa. Mzigo wote wa mabawa mawili ukahamia kwenye boriti moja ya alumini iliyofuliwa, inayokatiza juu ya vichwa vya waliokaa ndani. Bawa la kulia limefungwa mwisho mmoja, la kushoto mwisho wa pili. Hakuna boriti ya akiba.

Ndege ikiwa hewani, mabawa ndiyo yanayobeba mwili, kwa hiyo ncha zake hutaka kupanda juu. Uso wa juu wa boriti unabanwa, uso wa chini unavutwa. Ufa haupendi kubanwa, unapenda kuvutwa. Na uso huo wa chini, ule unaovutwa kila rubani anapokata kona au kuingia kwenye hewa yenye misukosuko, ndio uliofichwa nyuma ya kitambaa cha dari. Kiwandani ulibandikwa sponji ya kupunguza kelele. Sponji hunywa maji. Maji yakipenya juu, tuseme kwenye kiungo cha bawa ambacho mpira wake umekauka, sponji huyashika na kuyalaza juu ya alumini usiku na mchana. Ukiongeza chumvi ya bahari, na Mtwara haikaukiwi chumvi, unakuwa umeiwekea kutu godoro.

Niliposhusha kitambaa, sponji ilikuwapo. Imelowa, imegeuka rangi ya chai, na pembeni kulikuwa na unga mweupe. Kutu ya alumini si nyekundu kama ya bati. Inafanana na chokaa. Lakini kilichonikausha mate hakikuwa unga ule. Ilikuwa sponji yenyewe, kwa sababu kwa mujibu wa vitabu vya ndege ile sponji haikutakiwa kuwa pale.

Inabidi nirudi Australia kidogo. Tarehe 26 Mei 2019, karibu na Mount Isa, jimbo la Queensland, Cessna T210M ilikuwa ikipima miamba kutoka angani, kazi inayofanywa chini chini, kwenda na kurudi kwa mistari, kona baada ya kona. Boriti ikakatika, bawa likatengana na ndege, na watu wawili waliokuwamo wakafa. Ndege ilikuwa na zaidi ya saa 12,000. Wachunguzi wa Australia walipoisoma ile boriti waliona ufa wa uchovu, yaani ule unaokua kwa mzigo unaojirudia, ulioanzia kwenye kishimo cha kutu, upande wa chini. Kishimo kidogo, cha kukwaruza na ukucha. Kutu ilifungua mlango, mzigo wa kila siku ukaingia.

Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2020, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo namba 2020-03-16 kwa matoleo ya G hadi M. Sisi mafundi maagizo haya huyaita edi, na si ushauri: edi isipotekelezwa, ndege haina ruhusa ya kuruka hata kama inang'aa. Hili lilitaka mambo manne. Boriti ikaguliwe upande wa chini kwa macho na kwa kipimo cha edikarenti (cha kutafuta ufa kwa mikondo ya umeme), kasoro irekebishwe, alumini ipakwe rangi ya kinga na dawa ya kuzuia kutu, kisha matokeo yatumwe kwa FAA. Ndege ya mzee ina herufi 5H, alama ya usajili wa Tanzania, na iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, lakini kwa utaratibu wa Kiambatisho cha 8 cha Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, nchi ya aliyebuni ndege ndiyo hutoa taarifa ya lazima, na nchi ya usajili huipokea na kuhakikisha inafanyiwa kazi. Kwa hiyo neno la Washington linafika mpaka Mtwara, tena linafika na meno.

Sasa, logibuku ya ndege ile, yaani daftari la kumbukumbu zake, ukurasa wa katikati ya 2020, ndege ikiwa bado nje ya nchi, inasema kwa wino wa bluu kwamba edi 2020-03-16 imetekelezwa, hakuna kasoro. Saini ipo. Muhuri wa karakana upo. Namba ya leseni ipo.

Na sponji ya kiwandani ipo, juu ya gundi yake ya kiwandani.

Nilikaa kwenye kiti cha nyuma, tochi mdomoni, nikijaribu kumtetea yule fundi nisiyemjua. Labda aliivua akaipima boriti akairudisha sponji? Hapana. Sponji ya miaka arobaini na kitu ukiibandua inakatika vipande kama mkate uliochacha. Haibanduki nzima ikarudi nzima, na gundi mpya hujulikana. Labda aliweka sponji mpya? Hapana, ilikuwa imeungana na rangi ya awali mpaka chini, na hakukuwa na tone la dawa ya kinga, ambayo hata ikikauka huacha utando wa nta unaoshika vumbi. Bandua kipande kimoja na chini yake unaona rangi ya kiwandani haijaguswa na kitu tangu ilipopuliziwa. Hakuna jicho lililoiona boriti ile mwaka 2020, seuze kipimo.

Hapa nikamkumbuka mtu mwingine aliyetia saini: mimi. Mara mbili. Ukaguzi wa mwaka unanitaka nihakikishe maagizo yote yanayoihusu ndege yametekelezwa. Nilifungua orodha, nikaona mstari, nikaona muhuri, nikaweka tiki. Kisheria sikukosea sana. Edi ile ni ya mara moja, na iliyokwisha kufanywa hairudiwi, wala dari haishushwi kila mwaka. Lakini kulikuwa na kitu cha kunishtua. Kipimo cha edikarenti hafanyi fundi yeyote aliyejiamkia asubuhi. Hufanywa na mtu aliyefunzwa na kuthibitishwa kwa kazi hiyo, naye huacha karatasi: kifaa gani, kimesawazishwa kwa kipande gani, sehemu gani imepimwa, sindano imesema nini. Ndani ya bahasha ya ndege ile karatasi hiyo haikuwemo. Mstari ulisimama peke yake kama mtoto aliyepotea stendi, nami nikapita.

Nimelifikiria sana hili la "mara moja". Agizo la kurudiwa kila saa mia lina huruma yake: fundi wa kwanza akidanganya, wa pili huenda akaona. La mara moja halina wa pili. Saini moja ya uongo inafunga mlango, na kila mkweli anayekuja baadaye anakuta umefungwa na kupita zake kwa adabu. Anayetaka kujua kwa nini boriti ile ilikaa na maji miaka minne mikononi mwa mafundi wenye leseni, jibu ni hilo, wala halihitaji njama.

Mzee alipokuja nilimwonyesha. Akaushika ule unga, akausaga kati ya vidole.

"Fundi, hii ndege nimeirusha juzi tu."

"Najua, mzee."

"Na hawa wa mwanzo wameirusha saa elfu tisa. Ingekuwa ya kukatika si ingekatika?"

Hoja hiyo huisikia kila fundi, na huwa inasemwa na watu wenye akili. Rubani anaamini kile ndege ilichomwonyesha. Shida ya ufa wa uchovu ni kwamba haumwonyeshi kitu: bawa lenye ufa huruka sawasawa na bawa zima, halipigi kelele, haliyumbi, mpaka safari ile moja. Na saa za mzee zilikuwa ndogo kuliko zote kwenye historia ya ndege. Tisa elfu na mia nne za kabla yake hakuzijua, wala mimi sikuzijua: mizigo gani, viwanja gani, kona gani. Ukaguzi wa lazima unafanywa kwa ajili ya maisha yale ambayo mwenye ndege wa leo hakuwapo.

Alitaka tuipeleke Dar, kwenye hanga. Ni saa moja na ushei tu, akasema, nami nitakwenda taratibu, asubuhi, hewa imetulia. Kipo kibali maalumu cha kuisogeza ndege iliyopungukiwa na sharti fulani, na huombwa kwa Mamlaka. Lakini anayekiomba lazima awe na fundi wa kuandika kwamba kwa safari hiyo moja ndege ni salama. Nikamwambia sitaandika juu ya boriti nisiyoiona. Akanuna. Siku mbili hakupokea simu. Siku ya tatu akatuma ujumbe: mlete huyo mtu wako.

Mtu wangu, kijana wa vipimo kutoka Dar, alikuja mwezi wa tano. Barabara ilikuwa imekatika upande wa Kilwa baada ya mvua na kimbunga Hidaya, kwa hiyo alipanda ndege ya abiria, kifaa kwenye begi la mkononi. Watu hudhani ni mtambo mkubwa. Ni kisanduku cha betri chenye kioo, waya, na kalamu yenye koili ndogo nchani. Mkondo wa umeme unaobadilika unapita kwenye koili. Ukiisogeza karibu na alumini, ndani ya alumini nako huzaliwa mikondo midogo inayozunguka kama maji nyuma ya kasia. Penye ufa mikondo hiyo hulazimika kuuzunguka, na alama kwenye kioo inaruka. Kabla ya kugusa ndege, kijana alipitisha kalamu kwenye kipande cha alumini chenye mifereji iliyokatwa kwa vina vinavyojulikana. Anayekuja bila kipande hicho, mrudishe alikotoka; kifaa chake kitasema lolote.

Siku nzima ya kwanza ilikuwa ya kusafisha. Sponji tuliitoa kwa vikwangulio vya plastiki, maana chuma kingechora mistari, na mstari kwenye uso unaovutwa ni mwaliko mwingine wa ufa. Mzee alileta chai na vitumbua, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kivulini mwa bawa. Chini ya gundi rangi ilikuwa imeumuka mahali patatu. Tulipoigusa ilidondoka, na chini yake kulikuwa na vishimo.

Siku ya pili kijana alipitisha kalamu boriti yote upande wa chini, kutoka kiungo cha kushoto hadi cha kulia, akarudia, akarudia tena kuzunguka kila kishimo. Kioo kilitulia.

"Hakuna ufa," akasema.

Mzee akasimama. Sitamlaumu kwa namna alivyonitazama. Wiki tano ndege imefungwa, kijana amelipiwa tiketi, malazi na ujira, na jibu ni kwamba hakuna ufa. "Si nilikwambia?" akasema, mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi.

Kazi haikuishia hapo, kwa sababu agizo halitafuti ufa peke yake. Kutu lazima iondolewe yote, kwa kusugua taratibu mpaka alumini safi, kishimo kikigeuzwa kuwa bonde pana lisilo na kona kali. Halafu unapima umebakiwa na unene gani. Mtengenezaji ametaja kiwango cha kusugua. Ukikipita, boriti haitengenezwi tena, inabadilishwa. Vishimo viwili vilikwisha mapema. Cha tatu, upande wa kulia, hatua chache za kidole kutoka kwenye kiungo cha bawa, kiliendelea kushuka. Kila nikidhani nimefika mwisho doa jeusi lilikuwa bado linanitazama. Nikafika kwenye kiwango. Nikakipita. Nikaacha.

Ufa haukuwapo, na ndege ilikuwa imekufa palepale Mtwara, au tuseme imelazwa. Kubadilisha boriti ya 210 ni kuvua mabawa yote mawili na kufumua paa la chumba. Boriti yenyewe haipatikani dukani. Unatafuta iliyotoka kwenye ndege nyingine iliyovunjwa, nayo ipimwe kama hii. Wengine watauliza kama haikuwa heri kukiacha kile kishimo, kwa kuwa kipimo kilikwisha sema ni salama. Kipimo hakikusema ni salama. Kilisema siku ile hakikuona ufa. Kishimo ni pale ulipoanzia ufa wa Mount Isa, na ndege isiyo na boriti ya pili haina mahali pa kujaribia bahati.

Kwenye ndege kubwa somo la jinsi hii lilipatikana karibu na kwetu. Tarehe 14 Mei 1977 Boeing 707 ya mizigo ikikaribia kutua Lusaka ilipoteza bawa dogo la mkia upande wa kulia, na watu sita waliokuwamo wakafa. Mkia ule ulikuwa umebuniwa ili kiungo kimoja kikikatika kingine kibebe. Kilibeba, kwa muda. Hakuna aliyekuwa akiangalia kama cha kwanza kimeshakatika. Mwaka uliofuata sheria za Marekani za ndege kubwa zilibadilishwa: mbunifu asiseme tu kwamba muundo utavumilia ufa, aseme pia ufa utaonwa lini na kwa njia gani. Cessna 210 ilibuniwa miaka ya 1950 chini ya sheria za zamani zaidi, zisizomdai mbunifu hesabu ya uchovu wa bawa. Mzigo huo umeangukia maagizo yaliyotolewa baada ya watu kufa, na mafundi wanaoyatia saini.

Nikaandika. Kwenye logibuku niliandika nilichokiona, tarehe, vipimo vya kila kishimo, na kwamba ndege haifai kuruka. Niliambatisha karatasi ya kijana. Ule mstari wa 2020 sikuufuta. Kumbukumbu haifutwi, inaandikiwa nyingine chini yake. Kisha nikaandika barua kwa Mamlaka, na picha za sponji ikiwa bado imebandikwa. Ndani ya barua nikataja kaguzi zangu mbili. Rafiki yangu mmoja wa kazi aliniambia hiyo aya ya mwisho ningeweza kuiacha. Ningeweza.

Mzee alikuja jioni, jua likiwa limeelemea. Nilitegemea anigombeze. Akaichukua logibuku, akaifungua ule ukurasa wa wino wa bluu, akausoma taratibu bila miwani, kitabu amekinyoosha mbali.

"Huyu bwana," akasema, "kwenye kitabu hiki ametia saini mara ngapi?"

Sikuwa nimehesabu. Tukahesabu pamoja: mara kumi na nne. Edi nyingine, hozi, betri, mikanda, na reli za viti, ambazo kwenye ndege hizi hupimwa mashimo yake kwa sababu kiti kikiteleza nyuma wakati wa kupaa rubani hurudi nacho huku ameshika usukani. Ndege haiendi popote, akasema mzee, kwa hiyo muda tunao. Akavua viatu, akapanda, akavuta kiti cha rubani mbele mpaka mwisho. Mimi nikapiga magoti na tochi na kipimo, tukaanza na reli ya kushoto, shimo la kwanza.